Joy Adamson: Kabla ya simba Elsa kulikuwa na brashi na rangi za maji

Na MWANDISHI WETU

JINA la Joy Adamson likitajwa nchini Kenya, wengi hukumbuka papo hapo simba Elsa, kitabu Born Free na filamu iliyotokana nacho mwaka wa 1966. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kumlea mtoto wa simba, mwanamke huyo alikuwa tayari ametumia takriban miaka 18 ya maisha yake akiwa na brashi mkononi na kikombe cha maji ubavuni.

Kwa mkazi wa Kitengela, Isinya au Kajiado mjini aliyenunua kijisanduku cha rangi za maji na asijue aanzie wapi, sehemu hiyo iliyosahaulika ndiyo yenye manufaa zaidi. Joy hakuanza kuchora utotoni, wala hakuanzia katika chuo cha sanaa. Alipoichukua brashi kwa dhati alikuwa anakaribia umri wa miaka 30, yuko katika nchi ya ugeni, na mbele yake palikuwa na maua asiyoyajua hata majina.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walimpa jina Friederike Victoria Gessner. Babaye alikuwa msanifu wa majengo na familia ilikuwa na uwezo, lakini wazazi walitengana binti akiwa bado mdogo, naye akalelewa na nyanya yake.

Ndoto yake ya kwanza ilikuwa muziki. Alisomea piano mjini Vienna kwa bidii, lakini hakufika alikotaka kufika. Akajaribu uchongaji, akajaribu ushonaji, akajaribu na mengine, kila moja kwa muda na kwa pupa, kisha akaliacha. Waliomfahamu ujanani hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba angekuwa mchoraji, seuze mfugaji wa simba.

Mwaka wa 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, raia wa Austria mwenye asili ya Kiyahudi. Wingu la Wanazi lilikuwa likitanda Ulaya, na wawili hao wakaanza kutafuta nchi nyingine ya kuishi. Mwaka wa 1937 mke ndiye aliyetangulia kuja Kenya kuitazama. Ndani ya meli alikutana na mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Peter Bally. Kufikia mwaka uliofuata, ambao ndio mwaka Austria ilipomezwa na Ujerumani, alikuwa ameachana na mume wa kwanza na kuolewa na Bally. Ni Bally aliyempa jina Joy, nalo likamganda hadi kaburini.

Vilima visivyo na mto

Mwaka huo wa 1938 Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Nairobi, ilituma msafara wa wataalamu kwenda Vilima vya Chyulu kukusanya wadudu, ndege na mimea. Bally alikwenda kama mtaalamu wa mimea, na bibi arusi akafuatana naye.

Msomaji anayeijua Kajiado anavijua vilima hivyo. Ukisimama upande wa Kuku au Kimana, kule Loitokitok, Kilimanjaro ukiwa umeuacha nyuma ya bega, utaviona upande wa mashariki vimejipanga kama mgongo wa ng'ombe waliolala. Ni vilima vichanga vya volkeno. Mvua hunyesha juu, msitu hunawiri, lakini hakuna mto unaoshuka. Maji huzama kwenye miamba iliyojaa matundu na kwenda kuibuka mbali, katika chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo. Ni mahali pagumu kwa mtu ambaye kazi yake inahitaji maji safi kila dakika.

Joy alikuwa mgeni katika ukusanyaji wa mimea, lakini alikuwa na macho makali na mkono uliozoea kazi ndogondogo. Akiwa na Bally, ambaye naye alijua kuchora, alianza kuichora mimea waliyoikusanya katika safari zao. Bally alimhimiza aendelee. Haukupita muda mrefu kabla Lady Muriel Jex-Blake, mke wa daktari mmoja wa Nairobi na mpenzi mkubwa wa bustani, kuiona kazi hiyo. Picha za Joy zikaingia katika kitabu cha kilimo cha bustani cha Afrika Mashariki kilichohaririwa na daktari huyo, na baadaye, mwaka wa 1948, katika kitabu cha Lady Jex-Blake mwenyewe kuhusu maua ya porini ya Kenya.

Ni vyema kueleza kwa nini mtaalamu wa mimea alihitaji mchoraji. Ua likibanwa katika karatasi na kukaushwa huhifadhi umbo la jani na idadi ya petali, lakini hupoteza rangi, na mara nyingi hupoteza unene na mkao wake shinani. Kamera za rangi za miaka hiyo hazikutosha kuiziba pengo hilo. Ilibidi mtu akae chini mbele ya ua likiwa bado hai, atazame, apime, achanganye rangi hadi ifanane, na amalize kabla halijalegea. Maua mengine ya nyanda za joto hufunga au hunyauka katika saa chache tu baada ya kuchumwa.

Hii ndiyo shule aliyosomea Joy, na ndiyo ambayo ningemshauri anayeanza aingie. Ua halibembelezi. Halitangoji uende kunywa chai. Humlazimisha mchoraji aamue haraka kipi ni cha lazima na kipi kinaweza kuachwa, na uamuzi huo ndio unaomtatiza mwanafunzi kuliko jambo jingine lolote.

Karatasi kwanza

Watu wengi wakianza hununua rangi za bei kubwa na karatasi ya bei ndogo. Wangefanya kinyume. Karatasi ya daftari au ile ya mashine ya kuchapishia ofisini hukunjamana mara tu inapolowa, rangi hutuama kwenye mabonde yake, na mtu hujilaumu kwamba hana kipaji ilhali kosa ni la karatasi.

Itafutwe karatasi iliyotengenezewa rangi za maji, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita mraba. Ile ya pamba ndiyo bora ingawa ni ghali. Karatasi nzima ya sentimita 56 kwa 76 ukiikata vipande vinane utapata karatasi ndogo za sentimita 19 kwa 28, ambazo zinatosha ua moja au kichwa cha mtu, na kila kipande kina pande mbili. Kuna iliyo laini na kuna iliyo na uso wa paru. Wachoraji wa mimea hupendelea laini kwa sababu hukubali mstari mwembamba. Anayetaka kuchora mawingu juu ya Milima ya Ngong atapendelea ile ya paru, kwani brashi ikipita upesi huacha vijitone vyeupe vinavyong'aa kama mwanga.

Brashi mbili za mviringo zinatosha kuanzia, moja ndogo ya nambari 4 na moja kubwa ya nambari 10. Kabla ya kulipa, muombe mwenye duka kikombe cha maji, uichovye brashi na kuitikisa mara moja. Nywele zikikusanyika na kuwa ncha moja kali, ichukue. Zikitawanyika kama ufagio, irudishe hata kama mpini wake unapendeza.

Kuhusu rangi, kijisanduku cha rangi 24 humchanganya mgeni. Sita au saba zinatosha: manjano mbili, moja ya limau na moja ya udongo, nyekundu mbili, moja inayoelekea chungwa na moja inayoelekea zambarau, samawati mbili, na hudhurungi ya udongo uliochomwa. Kijani changanya mwenyewe, maana kijani cha kutoka kiwandani hakifanani na jani lolote la Kajiado. Nyeupe huihitaji, kwa kuwa nyeupe yako ni karatasi yenyewe. Nyeusi nayo iache. Samawati iliyokolea ukiichanganya na hudhurungi hutoa weusi ulio hai kuliko ule wa kwenye mrija.

Nani alisema kwamba rangi hizi ni kitu cha Ulaya pekee? Kinachoshika unga wa rangi na kuugandisha kwenye karatasi ni gundi ya mgunga, yaani utomvu wa mti uitwao kitaalamu Acacia senegal, ambao huvunwa katika nyanda kame za Afrika, zikiwemo zile za kaskazini mwa Kenya. Utomvu huo hukauka ukawa mgumu kama kioo na kuyeyuka tena unapokutana na maji. Ndiyo sababu rangi iliyokauka kwenye kibao inaweza kutumika tena kesho.

Kuna utaratibu ambao anayeanza hana budi kuuheshimu. Chora umbo kwa penseli bila kukandamiza. Paka tabaka la kwanza likiwa jepesi, maji mengi na rangi kidogo. Ngoja likauke kabisa. Kisha ongeza la pili palipo na kivuli, na la tatu palipo na giza zaidi. Mwanga hauwezi kurudishwa baadaye kwa urahisi, ukiufunika umeupoteza. Weka vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea brashi na kingine cha kuchukulia maji safi, vinginevyo manjano yako yote yatageuka tope kabla ya saa sita.

Kitengela ina tabu zake. Upepo wa nyanda za Athi na Kapiti huvuma mchana kutwa wakati wa kiangazi, ukibeba vumbi linalotua juu ya karatasi iliyolowa na kubaki humo milele. Hewa kavu nayo hukausha rangi kabla hujaisambaza, ikaacha ukingo mkali mahali ulipotaka ulaini. Dawa yake ni kufanya kazi asubuhi mapema, kuilowesha karatasi kidogo kwanza, na kuchanganya rangi nyingi kuliko unayodhani utaihitaji. Ukiishiwa katikati ya jani, hutaweza kuirudia rangi ile ile.

Na kitu cha kuchora hakiko mbali. Pale ambapo udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kitengela haujafunikwa na majumba, bado imesalia migunga mifupi yenye vinundu vyeusi, ambavyo sisimizi hutoboa na kukaa ndani, na upepo ukipita matunduni husikika mluzi. Ina miiba mirefu myeupe. Mwanafunzi akiweza kuuacha mwiba mweupe kwa kuipaka rangi hewa iliyouzunguka, bila kutumia nyeupe, amekwisha kulielewa fumbo kubwa la rangi za maji.

Isiolo, kisha London

Tumrejee Joy. Ndoa yake na Bally haikudumu. Mwishoni mwa mwaka wa 1942, akiwa Garissa, alikutana na George Adamson, afisa wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na Januari 1944 wakaoana. Katika kipindi hicho alipiga kambi Mlima Kenya na kuichora mimea ya huko juu, palipo na baridi kali kiasi kwamba tabaka moja la rangi huchukua muda mrefu kukauka. Baadaye, makao yao yakiwa Isiolo, aliandamana na George katika safari ndefu za kaskazini, palipo na joto linalokausha brashi kabla haijafika kwenye karatasi. Anayenung'unikia upepo wa Kitengela na akumbuke hayo.

Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa na mamia ya picha za mimea. Akasafiri hadi London, akajiunga kwa muda na chuo mashuhuri cha sanaa cha Slade, na mwaka wa 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kikamtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Ilikuwa ni miaka kumi tangu ashuke melini bila ya ujuzi wa kazi hiyo.

Nakiri kwamba mimi huzipenda picha zake za mimea kuliko kitu kingine chochote alichokifanya. Hazina madoido. Shina limesimama katikati ya weupe wa karatasi, hakuna mandhari nyuma, hakuna kivuli cha kujionyesha. Jani lililoliwa na mdudu limechorwa likiwa limeliwa.

Kutoka ua hadi uso

Kazi iliyomfanya ajulikane kote Kenya kabla ya Elsa ilianza mwaka wa 1949, serikali ya kikoloni ilipompa kandarasi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za nchi wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Joy mwenyewe ndiye aliyekuwa ameona kwamba mapambo hayo yalikuwa yakitoweka upesi: vijana waliokwenda shule, mjini au jeshini walirudi na suruali na shati, na vitu vya wazee vikabaki vikining'inia ukutani au kuuzwa.

Kwa takriban miaka sita alizunguka nchi na masanduku yake ya rangi, na akachora zaidi ya picha 500 za watu. Wamo wazee wa mabaraza, wapiganaji, maharusi, waganga, waliotahiriwa karibuni na wajane. Wamaasai wamo pia, na shanga zao, ngozi zao na udongo mwekundu waliojipaka kichwani hadi mabegani. Sehemu ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka wa 1967 katika kitabu kikubwa kiitwacho The Peoples of Kenya. Baadhi ya picha zilitundikwa Ikulu ya Nairobi na nyingine nyingi zikahifadhiwa na Makumbusho.

Hapa ndipo sifa na lawama zinapokutana, na sitaki kuziepuka.

Joy aliuendea uso wa mtu kwa jicho lile lile aliloliendea ua. Alitaka kila shanga ihesabike, kila chale ionekane ilipo, kila kipande cha ngozi kiwe na rangi yake halisi. Kwa hilo tunamshukuru. Fundi wa shanga wa leo huko Kajiado anayetaka kujua mpangilio wa mkufu wa miaka ya 1950, samawati ilikaa wapi na chungwa ilifuata wapi, ana mahali pa kutazama, na picha za kamera za wakati ule, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe, haziwezi kumjibu.

Lakini mtu si ua. Picha nyingi hutambulishwa zaidi kwa kabila, rika au wadhifa kuliko kwa jina, kana kwamba ni sampuli iliyobandikwa kibandiko. Aliyechorwa alikaa, akatazamwa, kisha mchoraji akafunga sanduku lake na gari likaondoka. Tena ikumbukwe ni miaka gani hiyo. Oktoba 1952 serikali iliyokuwa ikilipia picha za Waafrika wakiwa katika fahari yao ya jadi ilitangaza hali ya hatari na kuanza kuwafunga maelfu kwa maelfu katika kambi za kizuizini. Ilipenda uso wa Mwafrika ukiwa katika fremu. Sauti yake ilikuwa jambo jingine. Joy hakuitunga siasa hiyo, ila kazi yake ilifanyika chini ya kivuli chake, na anayezitazama picha leo akisahau kivuli hicho amezitazama nusu tu.

Zipo nyuso, hata hivyo, zilizomshinda nguvu. Katika baadhi ya picha za wazee, macho hayamtazami mchoraji kwa unyenyekevu hata kidogo. Yanamkagua. Nadhani Joy aliliona hilo na akawa mwaminifu wa kutosha kuliacha hapo kwenye karatasi.

Mwanafunzi wa rangi za maji ana mengi ya kuchukua katika picha hizo. La kwanza ni ngozi. Waanzao huchukua hudhurungi kutoka kwenye sanduku na kuipaka uso mzima, kisha hushangaa kwa nini mtu wao anafanana na ukuta. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga wa mbingu: palipo na mng'ao, kwenye paji la uso na mfupa wa shavu, pana samawati hafifu, na palipo na kivuli pana wekundu na zambarau. Anza na tabaka jepesi la hudhurungi nyekundu, acha mng'ao ukiwa karibu mtupu, kisha kikoleze kivuli kwa kuongeza samawati. Tabaka tatu au nne zinatosha. La tano kwa kawaida huharibu.

La pili ni shanga nyeupe, ambazo ni wajibu kuziacha zikiwa karatasi tupu. Kuna wino wa mpira unaouzwa madukani wa kufunikia sehemu hizo, ambao hubanduliwa baadaye kwa kidole. Hufaa, ila usiutumie kwa brashi yako nzuri maana utaiua.

La tatu ni wekundu wa shuka na wa udongo. Wekundu wa udongo ni rangi ya kudumu, kwa kuwa ni chuma kilichoshika kutu ndani ya ardhi. Jua limekwisha kuichoma kwa maelfu ya miaka na haina jipya la kuogopa. Nyekundu nyingine zinazong'aa, hasa zile za bei ya chini, hupauka zikikaa kwenye mwanga. Soma kibandiko cha mrija kabla ya kununua, uone kama rangi imetajwa kuwa inahimili mwanga.

Simba aingia nyumbani

Baada ya watu, Joy alichora pia samaki wa miamba ya Pwani, kazi iliyomrudisha katika mbio zile za zamani, kwani rangi za samaki hufifia muda mfupi tu baada ya kufa.

Kisha ikafika Februari 1, 1956. George, akiwa kazini, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, na baadaye ikagundulika kwamba alikuwa akiwalinda watoto watatu. Watoto hao walipelekwa nyumbani. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, na mdogo wao, Elsa, akabaki. Akafunzwa kuwinda, akaachiliwa huru Meru, akazaa, na akafa Januari 1961. Kitabu cha Born Free kilikuwa kimetoka mwaka mmoja kabla, na dunia nzima ikawa imemjua. Yaliyofuata yameandikwa mara nyingi: duma Pippa, chui Penny, nyumba ya Elsamere kando ya Ziwa Naivasha, fedha za kuhifadhi wanyamapori.

Brashi haikuwekwa kando kabisa, lakini haikuwa tena ndiyo maisha. Wapo waliomwona kuwa mtu mkali, mgumu kuishi naye na asiyestahimili wafanyakazi wake, na ndoa yake na George iliishia katika kambi mbili tofauti. Hayo hayatokani na mdomo wa maadui pekee.

Jioni ya Januari 3, 1980, alitoka kambini mwake katika hifadhi ya Shaba kwenda matembezi, na hakurudi. Mwanzoni ilidhaniwa simba ndiye aliyemuua. Uchunguzi ulionyesha kwamba alichomwa kwa kitu chenye ncha kali, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi akatiwa hatiani mwaka wa 1981. Zilibaki siku 17 tu atimize miaka 70. Majivu yake yalinyunyizwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mnamo Agosti 20, 1989.

Elsamere sasa ni makumbusho, na mgeni hupewa chai akiangalia ziwa. Hazina kubwa ya picha za mimea na za watu, hata hivyo, iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kutoka Kitengela ni mwendo wa matatu mbili, moja hadi katikati ya jiji na nyingine kuelekea Westlands. Anayekwenda asitarajie kuziona zote. Picha ya rangi za maji huchoka kwa mwanga, na mahali popote inapotunzwa vizuri hupumzishwa gizani muda mrefu kuliko inavyotundikwa.

Hilo linahusu pia ukuta wa sebule ya Kitengela. Jua la alasiri la nyanda hizo huingia dirishani likiwa limenyooka, na picha iliyotundikwa mkabala nalo itakuwa imepauka kabla mtoto aliyechorwa humo hajamaliza shule. Itundike kwenye ukuta wa upande wa dirisha, chini ya kioo kisichogusana na karatasi. Na kabla ya kuitia fremu igeuze, uandike nyuma yake kwa penseli, kwa kuwa wino hupenya: jina kamili la mtu uliyemchora, mahali alipokuwa ameketi, na tarehe.